Furaha ya Siku za Kawaida

Sehemu kubwa ya maisha ya mtu mzima hupita katika siku zisizo na jina. Harusi huisha, Idi na Krismasi huja na kuondoka, mahafali hupigwa picha yakasahaulika. Zinazobaki ni Jumanne na Alhamisi: kuamka, kuwaandaa watoto, kugombea daladala, kazi, soko, chakula cha usiku, kulala. Anayetegemea matukio makubwa yampe furaha ameitafuta mahali inapopatikana kwa nadra. Anayeitengeneza Jumanne yake ikae vizuri amegusa mamia ya siku kwa mkupuo mmoja.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya wanapozungumzia furaha. La kwanza ni jinsi mtu anavyojisikia saa kwa saa: kacheka, katulia, kaudhika, ana wasiwasi. La pili ni hukumu anayoitoa anapoulizwa maisha yake kwa jumla yakoje. Ripoti ya Furaha Duniani, inayotolewa tangu 2012, hupanga nchi kwa hilo la pili. Watu huombwa wafikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10, cha juu kikiwa maisha bora kabisa wanayoweza kuyawazia, kisha waseme wao wamesimama kidato gani. Finland imeongoza orodha hiyo mfululizo tangu 2018, huku Tanzania na Kenya zikiangukia nusu ya chini. Kila inapotoka, mitandaoni huzuka mshangao: vipi watu wanaocheka barazani mpaka saa nne za usiku wahesabiwe hawana furaha? Lakini ngazi ile haikuuliza habari ya kicheko. Mtu anaweza kucheka jioni nzima na bado akasema, kwa haki kabisa, kwamba yuko kidato cha nne, kwa sababu hospitali iko mbali na ada ya mtoto haijalipwa. Mambo hayo yanadai barabara, dawa na mishahara, na ni uonevu kumwambia mtu ayatibu kwa tabasamu. Ushauri wa siku za kawaida unahusu zaidi lile la kwanza, yaani saa zenyewe na namna zinavyopita.

Adui wa kwanza wa saa hizo ni mazoea. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu watu 22 walioshinda bahati nasibu katika jimbo la Illinois, Marekani, watu 29 waliopooza kwa ajali, na watu wengine 22 wasio katika makundi hayo. Washindi hawakuwazidi kwa furaha wale wa kawaida kwa tofauti yoyote ya maana. Zaidi ya hapo, walionekana kufurahia kidogo kuliko wenzao mambo madogo kama kuzungumza na rafiki, kupata kifungua kinywa au kusikia mzaha mzuri. Waliopooza walikuwa chini, lakini si chini kama ambavyo wengi wangekisia. Ulikuwa utafiti wa watu wachache, na haufai kubebeshwa kila kitu. Utafiti mkubwa zaidi wa Sweden, uliotoka 2020, ulionesha kuwa walioshinda fedha nyingi waliendelea kuridhika na maisha yao kwa miaka mingi. Tofauti hiyo si ya ajabu kwa aliyekwisha kutenga mambo mawili yaliyotajwa juu: nyumba mpya humpandisha mtu ngazi akiulizwa, lakini asubuhi ya mwezi wa sita tangu ahamie, anapotafuta soksi, haioni tena.

Mazoea huvunjwa kwa kupunguza kuliko kwa kuongeza, na mwezi wa Ramadhani hulionesha jambo hilo kila mwaka bila maabara yoyote. Tende ambayo mwezi wa Shaabani ilikaa kwenye sahani bila mtu kuigusa, adhana ya magharibi ikishaingia huliwa taratibu mpaka kokwa imung'unywe. Maji husikika yakishuka kooni. Uji wa pilipili manga, ambao miezi mingine hakuna anayeuulizia, hugombewa, na anayechelewa hukuta bakuli limekwisha. Tende haikubadilika, aliyebadilika ni mlaji. Watafiti Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn walipata matokeo ya namna hiyo mwaka 2013 kwa kutumia chokoleti: waliokatazwa kuila kwa wiki moja waliifurahia walipoirudia kuliko wale walioruhusiwa kuila watakavyo.

Funzo lake kwa nyumba ya kawaida ni rahisi, na halihitaji dini wala maabara. Nyumba inayopika biriani kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi hupata mlo pamoja na wiki nzima ya kuungoja, watoto wakiuliza imebaki siku ngapi. Nyumba inayoagiza biriani kila ikijisikia hupata chakula cha mchana tu. Ndivyo ilivyo kwa soda, tamthilia, safari ya ufukweni na hata muziki. Kitu kinachopendwa kipewe siku yake na kizuiwe siku nyingine. Jambo lisilopendwa, kinyume chake, limalizwe kwa mara moja: anayechukia kupiga pasi atapata nafuu akizipiga nguo zote Jumamosi kuliko akiamka kila alfajiri kuipigia pasi shati moja, maana uchungu nao huzoeleka ukiachwa uende mpaka mwisho.

Fedha huleta furaha. Msemo unaokanusha jambo hilo hupendwa zaidi na wanaozo. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton, wakitumia majibu zaidi ya 450,000 ya Wamarekani, walisema hali ya moyo ya kila siku hupanda pamoja na kipato mpaka kwenye dola 75,000 hivi kwa mwaka, kisha husimama. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth akaonesha kwamba haisimami. Wawili hao, Kahneman na Killingsworth, badala ya kurushiana maneno walikaa pamoja na mwenzao Barbara Mellers, na 2023 wakatoa jibu la pamoja: kwa watu wengi huendelea kupanda, na husimama kwa kundi dogo la wale wenye huzuni zaidi, ambao shida yao fedha haiifikii. Kwa nchi ambayo mishahara mingi haifiki hata sehemu ndogo ya kiasi hicho, mjadala wa wapi inasimama ni wa mbali. Swali la karibu ni fedha kidogo inayopatikana ifanye nini.

Ushahidi mzuri umetoka Rarieda, katika Kaunti ya Siaya magharibi mwa Kenya. Kati ya 2011 na 2013 shirika la GiveDirectly lilizipelekea kaya maskini fedha kwa simu bila masharti yoyote, nao Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakafuatilia yaliyotokea. Wengi waliezua nyasi wakaezeka mabati, wakanunua mifugo, wakala vizuri zaidi. Furaha yao ikapanda, msongo wa mawazo ukapungua. Hakukuwa na dalili kwamba fedha ziliishia kwenye pombe na sigara, jambo ambalo wengi hulitabiri kila maskini anapopewa pesa mkononi. Lakini watafiti hao walipowapima pia majirani ambao hawakupata kitu, waliona kuwa kuridhika kwao na maisha kulishuka pale wenzao kijijini walipoinuka. Hali yao wenyewe haikuwa mbaya kuliko jana. Kilichokuja ni mabati ya jirani yanayong'aa jua likipiga, na paa lao la nyasi, ambalo mwezi uliopita lilikuwa paa tu, sasa limekuwa paa la nyasi. Athari hiyo ilififia muda ulivyopita, watu wakazoea.

Kulinganisha hakuwezi kufutwa moyoni kwa mahubiri, maana ni kazi ambayo akili huifanya yenyewe. Katika Olimpiki ya Barcelona ya 1992, picha za wanamichezo zilipochunguzwa zilionesha kuwa waliopata medali ya shaba walionekana wenye furaha kuliko waliopata medali ya fedha: wa fedha alijipima na dhahabu aliyoikosa, wa shaba na kurudi nyumbani mikono mitupu. Linalowezekana ni kuchagua kipimo. Mtu anayepitia picha za wenzake kila usiku, wa kwanza kanunua gari, wa pili yuko Dubai, wa tatu kavalishwa pete, amejipa kwa hiari yake kijiji kizima cha mabati mapya. Hapo dawa ni ya mkono kuliko ya roho: kuzizima kimya kimya akaunti zile zinazomwacha na kinyongo, hata kama ni za ndugu, na kuangalia zilizobaki mchana badala ya kitandani. Kipimo chenye faida zaidi ni yeye mwenyewe wa miaka mitano iliyopita.

Linalokula furaha ya siku za kawaida kuliko umaskini wenyewe ni deni la kila siku. Mikopo ambayo mitaani Tanzania huitwa kausha damu inajulikana kwa sura moja: hutolewa haraka, bila dhamana kubwa, na hurejeshwa kila siku. Ichukuliwe mama lishe aliyekopa shilingi 200,000 ili arudishe 9,000 kwa siku 30. Atakuwa amelipa 270,000, lakini riba hiyo ni nusu tu ya gharama. Nusu nyingine ni kwamba kila asubuhi, kabla hajauza sahani ya kwanza ya wali, siku yake tayari ina mwenyewe. Mvua ikinyesha wateja wasije, anayekuja ni mkusanyaji. Simu ikiita moyo unaruka. Anaanza kukopa kwa huyu ili amlipe yule, na kudanganya nyumbani. Hakuna zoezi la kupumua wala kitabu cha hamasa kitakachompa mtu huyo jioni tulivu.

Kwa hiyo katika mpangilio wa mambo, kuondoa deni la namna hiyo hutangulia kila starehe. Madeni yote yaandikwe kwenye karatasi moja, jina na kiasi, maana deni lisiloandikwa huonekana kubwa na lisilo na mwisho. Mwenza aambiwe, hata kama kutakuwa na ugomvi wa usiku mmoja. Wadai watafutwe kabla hawajatafuta, kwa kuwa anayekuja mwenyewe kuomba muda husikilizwa kuliko anayezima simu. Linalofuata ni akiba ndogo ya dharura, kwenye kikoba, chama au akaunti isiyo na kadi, yenye kutosha safari moja ya hospitali au wiki moja bila kipato. Akiba ya namna hiyo haimtajirishi mtu, ila humwezesha kulala. Kubeti hakumo kabisa katika hesabu hii. Mkeka wa mpira huuza matumaini ya saa mbili na kuyachukua, na kijana anayeupanga kila Jumamosi ananunua huzuni kwa awamu.

Fedha inayotumika kwa ajili ya mwingine hurudisha furaha zaidi ya ukubwa wake. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha jaribio ambalo watu walipewa bahasha asubuhi zenye dola 5 au 20, wengine wakiambiwa wajitumie, wengine wawatumie watu wengine kabla ya saa kumi na moja jioni. Waliowatumia wenzao walikuwa na furaha zaidi, na kiasi hakikuleta tofauti. Baadaye Aknin na wenzake walilinganisha Kanada na Uganda. Katika nchi zote mbili waliokumbuka fedha walizotumia kwa wengine walifurahi kuliko waliokumbuka walizojitumia, ingawa Waganda walitaja zaidi mahitaji yenye uzito kama matibabu.

Hapo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ana haki ya kuguna. Simu yake ina makundi matatu ya michango, la harusi, la send-off na la msiba, na jina lake likikosekana kwenye orodha kwa wiki mbili mweka hazina anamtaja hadharani. Huko ni kutoa, lakini furaha haionekani. Tofauti iko kwenye hiari na kwenye kuona. Anayempelekea jirani mgonjwa mchuzi kwenye bakuli anaona bakuli likipokelewa. Anayetuma 100,000 kwenye namba ya kamati haoni zaidi ya ujumbe wa makato. Njia inayofaa ni kupanga mwanzoni mwa mwaka kiasi cha michango kwa mwezi na kukishikilia bila kuomba radhi: misiba ipewe kipaumbele, harusi za watu wa mbali zipewe kidogo au salamu. Kiasi kingine, hata 5,000 tu, kiwekwe kwa ajili ya utoaji usio na orodha, kama daftari la mtoto wa jirani au nauli ya mzee aliyekwama kituoni.

Zaidi ya fedha, na zaidi ya kitu kingine chochote kilichochunguzwa kwa muda mrefu, siku njema hutengenezwa na watu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza 1938 uliwafuata wanafunzi 268 wa chuo hicho, na kando yao vijana 456 kutoka mitaa maskini ya Boston, kwa maisha yao yote. Wote walikuwa wanaume, upungufu mkubwa, lakini urefu wake ni wa nadra. Walioridhika na uhusiano wao wakiwa na miaka hamsini ndio waliokuwa na afya nzuri zaidi walipofika themanini, na kuridhika huko kulitabiri afya yao vizuri kuliko kiwango cha kolestro.

Miji ya pwani ililijua jambo hilo kwa mawe na chokaa. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kama za Lamu, zilijengwa na baraza mbele, kiti cha mawe kilichoshikana na ukuta, nusu cha mwenye nyumba na nusu cha mtaa. Baada ya alasiri muuza kahawa hutua na dele lake juu ya makaa, vikombe vidogo vikigongana ndani ya ndoo ya maji, na kashata kwenye sinia. Kikombe kimoja humruhusu mtu kukaa saa nzima. Wanaocheza bao wanacheza, wanaobishana siasa na mpira wanabishana, na asiye na la kusema ananyamaza bila kuulizwa kwa nini amenyamaza. Nguvu ya baraza iko kwenye mambo matatu ambayo vikao vya kisasa vimeyapoteza: haina mwaliko, haina mchango, na inakutana mahali palepale saa ileile. Asiyeonekana siku mbili huulizwa, ya tatu hufuatwa nyumbani.

Baraza nayo isipambwe kupita kiasi. Ni ya wanaume kwa sehemu kubwa, na mara nyingi kuna mwanamke ndani anayepika, anayeogesha watoto na kufua ili mwanamume akae nje akipiga soga. Wanawake wana zao, uani, kwenye ususi, kwenye kikao cha kikoba, lakini huzipata kazi ikishaisha, na kazi ya nyumbani haina desturi ya kuisha. Mume anayesoma ushauri wa furaha ya nyumba aanze hapo: jioni mbili za wiki yeye abaki na watoto na vyombo, mke atoke aende kwa shoga zake. Ni zawadi isiyo na gharama na inayozidi vitenge vingi.

Kwa anayeishi nyuma ya geti katika mtaa mpya, ambako majirani hujuana kwa namba za magari, baraza itabidi iundwe. Ifuate kanuni zilezile: siku moja, saa moja, mahali pamoja, bila sherehe. Kikundi cha mbio za asubuhi, kwaya, jumuiya ndogo ndogo, darsa la msikitini, mechi ya Jumapili, hata kahawa ya watu wawili kila Alhamisi. Kinachoua mikutano ya marafiki wa mjini ni ile ahadi ya “tutatafutana”, kwa sababu huanza upya kila mara kwa kupangiana. Na wasidharauliwe watu wa dakika chache, kondakta, muuza maandazi, mlinzi. Mwaka 2014 Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha majaribio waliyofanya kwa abiria wa treni za Chicago: walioombwa wazungumze na mtu wasiyemjua walifurahia safari kuliko waliokaa kimya, ingawa abiria wengi walitabiri kinyume. Salamu ndefu za Waswahili, habari za nyumbani, za watoto, za tangu juzi, hufanya kazi hiyo bila mtu kuwa na habari kwamba zinafanya kazi.

Kuwapo na watu hakutoshi ikiwa akili iko kwingine. Killingsworth na Daniel Gilbert waliwauliza watu 2,250 kwa njia ya simu, katika saa mbalimbali za siku, wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Matokeo yaliyotoka 2010 yalionesha kuwa asilimia 46.9 ya wakati watu walikuwa wanawaza jambo jingine tofauti na walilokuwa wakilifanya, na katika nyakati hizo furaha ilikuwa ndogo. Simu imeongeza mlango mwingine wa kutokea. Chakula cha usiku ambacho baba anajibu kundi la kazini, binti anatazama video na mama anapokea oda za vitumbua kwa WhatsApp, kimeliwa na watu watatu ambao hawakukutana. Kanuni moja inatosha kuanzia: simu zote ziwekwe juu ya kabati tangu sahani zinapotengwa mpaka zinapotolewa. Wakubwa huona taabu zaidi kuliko watoto.

Shughuli inayoshika akili yote hufanya kazi hiyo bila amri. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alitumia maisha yake kuichunguza hali ya mtu kuzama katika kazi mpaka akasahau saa, na akaona hutokea pale ugumu wa kazi unapolingana na ustadi wa mtendaji, lengo likiwa wazi na matokeo yakionekana papo hapo. Bao lina sifa zote hizo: kete 64, mashimo 32, na kosa moja la hesabu mpinzani analipokea kwa kicheko kabla mkono haujarudi. Mshona kofia ya vito naye anazo, maana kila tundu lililokaa vibaya linaonekana. Asiye na ustadi wowote wa mikono autafute mmoja, kupika mkate wa kumimina, kushona, bustani ya mchicha kwenye ndoo, kupiga kinanda. Miezi ya kwanza haitakuwa na raha, kwa kuwa ugumu utauzidi ustadi.

Hata kazi ya mshahara inaweza kugeuzwa kidogo. Amy Wrzesniewski na Jane Dutton walioandika kuhusu wafanya usafi wa hospitali mwaka 2001 walieleza kuwa baadhi yao hawakujiona ni wa kufagia tu: walizungumza na wagonjwa, waliwasaidia wageni waliopotea njia, wakajihesabu katika kuponya. Hao waliipenda kazi. Mshahara ulikuwa uleule, na hilo lisiwe kisingizio cha mwajiri kutouongeza.

Mwili hauna mengi ya kusema yasiyojulikana. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ambazo zinapatikana kwa kushuka vituo viwili kabla na kutembea. Anayeamka saa kumi alfajiri kukwepa foleni alale saa tatu usiku. Akiona hawezi, aangalie kwanza simu na tamthilia kabla ya kulaumu kazi.

Kushukuru kunasaidia, lakini kwa kipimo. Robert Emmons na Michael McCullough walionesha mwaka 2003 kuwa watu walioandika mambo waliyoyashukuru walijisikia vizuri kuliko walioandika kero zao. Sonja Lyubomirsky na wenzake wakaongeza angalizo muhimu: waliofanya hivyo mara moja kwa wiki walinufaika, waliofanya mara tatu hawakunufaika. Hata shukrani huzoeleka. Maneno ya shukrani yanayotoka mdomoni mara hamsini kwa siku hayamfiki tena msemaji, na yaliyoandikwa Ijumaa moja, yakitaja mtu kwa jina na alichofanya, yanamfika.

Yote haya ni ya mtu ambaye moyo wake ni mzima, umechoka tu. Huzuni inayokaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ikiambatana na kukosa usingizi au kulala mno, chakula kisicho na ladha, mwili mzito, kujiona hana thamani au kuwaza kifo, inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa. Haitokani na upungufu wa imani wala uvivu, na kumwambia mgonjwa ashukuru au ajichanganye na watu kunaweza kumzidishia aibu. Inatibika kwa dawa na kwa mazungumzo ya kitaalamu. Zimbabwe imeonesha kuwa mazungumzo hayo hayahitaji jengo la ghorofa: tangu 2006 Dk. Dixon Chibanda amewafunza bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa 2016 lilionesha kuwa baada ya miezi sita wagonjwa hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Afrika Mashariki huduma ya afya ya akili hutolewa katika hospitali kubwa za mikoa na kaunti, na zipo hospitali maalumu kama Mirembe ya Dodoma, Kidongo Chekundu ya Zanzibar, Mathari ya Nairobi na Butabika ya Kampala. Mwenye dalili hizo aende, na asipoweza kwenda mwenyewe, ndugu au jirani anayeziona ampeleke.